MAIKI ILIYOACHWA WAZI DODOMA: FUNDI KAFUKUZWA, ILA SKRIPTI ALIPEWA LINI?

WADAU wa burudani jijini Dodoma wiki nzima hii wamekuwa na kazi moja tu, kutumiana klipu ya nusu dakika. Klipu yenyewe haina picha ya maana. Jukwaa linaonekana kwa mbali, taa ya bluu, mama amepiga magoti mbele ya mtoto wa tambara, ukumbi kimya kabisa. Halafu kwenye spika inaingia sauti ya binti ambaye jukwaani hayupo: "Tangu asubuhi sijala, nauli ya jana yenyewe hajatoa, halafu ananiambia nitabasamu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama aliyepiga magoti akabaki ameinamisha kichwa, hajui aendelee au anyanyuke. Kufikia usiku huo klipu ilishavuka Morogoro.

Majina hayatatajwa hapa. La binti halitatajwa, la fundi mitambo halitatajwa, hata la bosi wa kundi halitatajwa, ingawa kuna watu wanalitaka hilo kuliko chakula. Dom ni mji mdogo, wanaojua wanajua. Kinachotakiwa kujadiliwa ni kitu kingine kabisa, na ndicho ambacho kwenye magrupu hakuna anayekigusa.

ILIVYOKUWA

Kundi lilikuwa linaonyesha igizo la muziki kuhusu Mtunya. Kwa vijana wasiojua, Mtunya ni njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa, Wajerumani wakachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, Waingereza nao wakaja wakachukua, halafu mvua ikagoma. Watu walikufa, wengine wakatawanyika. Ni hadithi nzito, na kwa kweli wale vijana walikuwa wameitendea haki. Nyimbo za Kigogo, zeze, ilimba, ngoma za muheme zikipigwa na kinamama, katikati yake maigizo. Kitu ambacho Dodoma inakihitaji.

Waigizaji wenye maiki za shavuni walikuwa 14. Miksa ya kukodi, maiki za kukodi, ukumbi wa kukodi. Fundi mitambo alipigiwa simu Ijumaa jioni, shoo ni Jumamosi. Alipoomba skripti akajibiwa hivi: "We utaona tu. Wakiingia unawasha, wakitoka unazima." Malipo elfu hamsini, nusu mkononi, nusu baada ya shoo.

Sasa binti alipomaliza wimbo wake akatoka upande wa kushoto. Sekunde hiyohiyo mama akaingia, akapiga magoti karibu na spika ya jukwaani, maiki yake ikaanza kupiga mluzi. Fundi akakimbilia kuituliza ile ya mama. Ya binti ikabaki wazi. Binti, nyuma ya pazia, akiongea na mwenzake kama mtu yeyote anavyoongea akiwa amechoka, akasikika na ukumbi mzima.

Jumatatu bosi akatoa hukumu kwenye grupu la WhatsApp la kundi. Fundi hapewi nusu iliyobaki na asikanyage tena kwenye shoo zao. Binti kasimamishwa kwa "utovu wa nidhamu". Kesi imefungwa, tuendelee na mazoezi.

Kesi haijafungwa. Haijaanza hata kusikilizwa.

"WAKIINGIA UNAWASHA, WAKITOKA UNAZIMA"

Sentensi hiyo ndiyo kosa lenyewe, na inasemwa na mabosi wengi, siyo huyu mmoja. Inasemwa na watu ambao hawajawahi kusimama nyuma ya miksa hata dakika tano.

Maiki 14 siyo taa 14 za sebuleni. Ukiziacha zote wazi, ukumbi unakuwa jehanamu. Kwa mahesabu ya watu wa sauti, kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, fundi anapoteza kama desibeli 3 za nguvu kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kutoka maiki moja hadi mbili ni 3, hadi nne ni 6, hadi nane ni 9, hadi kumi na sita ni 12. Yaani ukiwa na maiki 16 wazi, yule mmoja anayesema hawezi kupandishwa sauti hata mtu wa viti vya nyuma amsikie. Ukilazimisha, mluzi.

Halafu kuna mambo ya watu kukumbatiana. Mama anamkumbatia mwanawe, wote wana maiki shavuni. Sauti ya mama inaingia kwenye maiki yake, na inaingia pia kwenye ya mwanawe ikiwa imechelewa kidogo tu. Zikikutana kwenye spika, sauti inatoka kama mtu anaongea ndani ya bomba la maji. Fundi anayejua kazi anafunga moja, wote wawili wanasikika kupitia ile iliyobaki. Lakini afunge ipi, na kwenye neno lipi? Hilo limeandikwa kwenye skripti, halijaandikwa kwenye paji la uso la mwigizaji.

Na ngoma ya muheme ikianza, kila maiki ya shavuni iliyo wazi inaila ngoma ile. Sauti za watu zinazama.

Ndiyo maana kwenye maonyesho makubwa ya London na New York, yale yanayorudiwa mara 8 kwa wiki, fundi wa miksa anafuata skripti mstari kwa mstari. Mwigizaji anavuta pumzi, feda yake inapanda. Akimaliza mstari, inashuka. Mwenzake akijibu, ya mwenzake inapanda. Saa mbili na nusu mfululizo, kidole hakilali. Na mtu huyo hakuitwa Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi. Alikaa kwenye mazoezi mpaka akaujua mchezo kama waigizaji wenyewe.

Kwa hiyo fundi wa Dodoma aliambiwa afanye kazi ileile bila skripti, bila mazoezi, kwa kuangalia tu nani anaingia. Kwanza, kuangalia tayari ni kuchelewa. Mtu ukimuona amefungua mdomo, neno la kwanza limeshapotea. Mtu ukimuona hayupo, huenda yuko nyuma ya pazia anaongea.

DODOMA INAJUA MAIKI KULIKO MJI WOWOTE

Kinachouma ni kwamba hili linatokea Dodoma. Mji wa Bunge! Kila mtu nchi hii ameshaona kwenye runinga maiki inavyoheshimiwa pale. Kila mbunge ana maiki mezani kwake, na hakuna ujinga wa maiki mia kadhaa kuwa wazi kwa pamoja. Mtu anaitwa jina, anasimama, anaambiwa "washa maiki Mheshimiwa", anaongea. Kengele ikigonga na muda ukiisha, anakaa, maiki inazimwa. Kuna utaratibu, kuna zamu, kuna mtu aliyekabidhiwa kazi ya kusimamia zamu hizo, na mtu huyo anajua nani anafuata.

Mheshimiwa akinong'ona na jirani yake, taifa halisikii. Mnong'ono wake umelindwa. Binti wa kundi la sanaa, kilomita chache kutoka hapo, mnong'ono wake haukulindwa na mtu. Tofauti siyo mashine. Pale utaratibu ulipangwa kabla kikao hakijaanza, huku uliachiwa macho ya mtu mmoja.

"SI MITAMBO IJIFUNGE YENYEWE?"

Kuna kambi imejitokeza kwenye magrupu, vijana wa teknolojia, wanasema zama hizi kila kitu kinajiendesha, fundi wa nini, mashine ifunge maiki yenyewe. Hawa wako nusu sahihi, na nusu waliyokosea ni ya hatari.

Kuna mitambo inayosikiliza. Wa kwanza ni ule unaoitwa geti. Unafunga maiki ikiwa kimya, unafungua ikisikia sauti kubwa kiasi fulani. Tatizo ni kwamba geti halijui Kiswahili wala Kigogo. Halijui tofauti ya mstari wa mchezo na kikohozi. Muheme ikipigwa, linafunguka. Mwigizaji akilia kwa sauti ya chini, pale ndipo linapomfungia. Na yule binti nyuma ya pazia alikuwa anaongea kwa hasira, sauti ya kutosha kabisa. Geti lingemfungulia mlango na kumkaribisha.

Wa pili ni mtambo wa kugawana sauti. Bwana mmoja wa San Francisco, Marekani, Dan Dugan, alikuwa akishughulikia sauti za mchezo wa muziki wa Hair mwishoni mwa miaka ya 1960. Akakutana na tatizo hilihili, maiki nyingi, mikono miwili. Miaka ya 1970 akaja na mtambo ambao maiki zote zinagawana nguvu ya maiki moja. Anayeongea anapewa nafasi kubwa, walio kimya wanashushwa, jumla haizidi. Ni uvumbuzi wa maana, na hadi leo miksa nyingi za kidijitali zina kitu cha namna hiyo. Kwa semina, mijadala na mikutano ni dawa. Lakini nao hauulizi nani ana ruhusa ya kusikika. Unauliza nani anaongea tu. Binti alikuwa anaongea, mama jukwaani alikuwa amenyamaza. Mtambo ungempa nani nafasi? Jibu kila mtu analo.

Basi nusu ya ukweli iko wapi? Iko kwenye aina ya tatu, ile ambayo mashine haisikilizi bali inakumbuka. Na hii ndiyo mabosi wanatakiwa waielewe, maana wanailipia kila wanapokodi na hawaitumii.

Miksa ya kidijitali ina kumbukumbu. Chukua mfano wa Behringer X32, miksa iliyotoka mwaka 2012 na ambayo imejaa makanisani na kumbini duniani kote. Ina vikundi 8 vya kushika maiki nyingi kwa feda moja, ina vitufe 6 vya kumyuti kundi zima kwa mpigo, na juu ya hayo inaweza kuhifadhi mpangilio wa kila sini. Sini ya kwanza: maiki ya babu, ya bibi na ya mpiga zeze wazi, nyingine zote zimefungwa. Sini ya pili: babu katoka, kafungwa, Wajerumani watatu wamefunguliwa. Sini ya tatu: kwaya nzima. Fundi anaandaa orodha hiyo kabla, halafu siku ya shoo anabonyeza kitufe kimoja, twende, na maiki kumi zinabadilika kwa sekunde moja bila kusahau hata moja. Kuna hata programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama TheatreMix, au QLab ambayo inatumika kwenye kompyuta za Mac kutuma amri kwa miksa pamoja na kupiga milio na muziki.

Angalia sasa ile Jumamosi. Mama anaingia, fundi anabonyeza "twende". Maiki ya mama inafunguka, ya binti inafungwa, kwa tendo hilohilo moja. Mluzi ukianza, fundi ana mikono yote miwili na akili yote ya kuutuliza, kwa sababu ya binti haihitaji tena kukumbukwa. Imeshakumbukwa tangu Alhamisi.

Hiyo ndiyo faida ya kweli. Mashine haichukui kazi ya fundi, inachukua kazi ya kukumbuka, ili fundi abaki na kazi ya kusikiliza.

MITEGO YAKE

Ila wasidanganyane. Orodha hiyo haijitengenezi, na ina mitego inayomaliza watu.

Mtego wa kwanza ni kuhifadhi kila kitu. Fundi mgeni anahifadhi sini nzima saa nane mchana ukumbi ukiwa mtupu. Usiku ukumbi umejaa, anapandisha sauti, anarekebisha besi ya babu. Akibonyeza sini inayofuata, miksa inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa mchana, marekebisho yote yanafutika mbele ya watu. Dawa yake ni kuiambia miksa kwamba sini ziguse kufunga na kufungua tu, na isiguse kingine chochote. Mpangilio huo upo kwenye miksa. Unahitaji mtu aliyepewa muda wa kuutafuta na kuujaribu.

Mtego wa pili ni kuendesha kwa saa. Kuna wanaotaka maiki zifunguke zenyewe dakika ya 12 na sekunde 40. Labda Ulaya. Hapa Bongo wimbo ukiwagusa watu, mama anatoka kwenye kiti chake na noti mkononi anakwenda kumtunza mwimbaji. Nyuma yake wanafuatana watano. Kiitikio kinarudiwa mara nne ambazo hazikuwa kwenye mazoezi. Saa ya kompyuta imeshafika kwenye msiba, jukwaani bado watu wanarusha mabega. Zamu lazima isubiri mtu abonyeze, na mtu huyo lazima awe anaangalia jukwaa.

Mtego wa tatu ni mwigizaji kuruka ukurasa. Hutokea. Mashine haitajua. Fundi mwenye skripti ataruka naye, fundi asiye na skripti atapotea pamoja na mashine yake.

Mtego wa nne ni waigizaji kuzima maiki zenyewe kwenye kile kiboksi cha kiunoni, kwa kuogopa yaliyompata binti. Wataanza kufanya hivyo sasa, subirini. Halafu mtu ataingia jukwaani na wimbo mzito, kasahau kuwasha, fundi anapandisha feda hewa tupu. Swichi ya kiunoni isiguswe, ifunikwe kwa gundi ya karatasi. Kufunga ni kazi ya miksa.

Mitego yote minne inatibiwa na kitu kimoja, muda wa fundi kabla ya shoo. Skripti ya kurasa sitini, fundi anakaa jioni mbili na kalamu, kila ukurasa anaandika nani yupo, nani anatoka, nani anakumbatiana na nani. Jioni ya tatu anakaa na waigizaji kwenye mazoezi, anabonyeza, anasahihisha. Siku tatu. Mabosi wanaopata siku tatu za kushona sare na siku tano za kupiga picha za mabango wanasema za fundi hazipo.

HOJA ZA WALE WENGINE

Kuna kambi inasema suluhisho ni pleibeki. Rekodi kila kitu, watu wafungue midomo tu, maiki zizimwe zote. Hao wangesema wazi kwamba hawataki igizo, wanataka video yenye watu. Muziki wa Kigogo unaishi kwa mtu kumjibu mtu. Mmoja anaanzisha, wenzake wanamdaka, sauti zinapandana, mguu unakubaliana na njuga. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba na zeze ya Ugogo mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya kwa kupiga mbele ya macho ya watu, siyo kwa kuigiza kupiga. Mtu anayekwenda Chamwino kusikiliza Wagogo wakiimba anakwenda kuona jasho. Kuua sauti hai kwa sababu bosi hataki kumlipa fundi siku tatu ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya.

Kuna wakongwe nao wanasema enzi za Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre mbona haya hayakuwepo? Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, kwaya, taarabu na maigizo, na hakuna aliyefukuzwa kwa maiki. Ni kweli, na sababu yake ni rahisi. Enzi hizo maiki nyingi zilisimama kwenye stendi. Mtu alikwenda kwenye maiki akasema, akaondoka. Kuondoka kwenyewe ndiyo kulikuwa kufunga. Mwigizaji alikuwa na mamlaka ya sauti yake kwenye miguu yake.

Maiki ya shavuni imebadilisha jambo hilo. Inamfuata mwigizaji chooni. Inamfuata akivaa, akisali, akilia, akimsema bosi. Siku mtu anapokubali kufungwa kile kiboksi kiunoni na waya kupitishwa mgongoni, anamkabidhi mtu mwingine pumzi yake kwa masaa mawili. Hiyo ni amana. Na amana haikabidhiwi kwa mtu aliyepigiwa simu jana jioni.

Halafu kuna kambi kubwa kuliko zote, ya "Mungu kafichua". Wanasema afadhali maiki ilikuwa wazi, maana sasa mji mzima unajua kwamba vijana wanaigiza njaa huku wana njaa kweli. Wanamcheka bosi, wanajiona wako upande wa binti.

Hawako upande wa binti. Kama wangekuwa, wasingesambaza sauti yake. Ni kweli alichosema kinatakiwa kujulikana, na kundi linaloimba Mtunya halafu linamwacha mwigizaji bila chakula tangu asubuhi linatakiwa lijitazame kwenye kioo. Lakini ukweli ule ulikuwa wake. Alikuwa na haki ya kuusema kwenye kikao, mbele ya wenzake, siku aliyochagua, kwa maneno aliyochagua. Maiki ilimnyang'anya haki hiyo. Badala ya kuwa mtu anayedai haki yake, akawa kichekesho cha nusu dakika. Na matokeo yake yameonekana. Nauli bado hajapewa, na nafasi kapoteza.

NIDHAMU YA NANI?

Bosi kaandika "utovu wa nidhamu". Ni neno zuri, na lipimwe vizuri. Binti alikuwa nyuma ya pazia, zamu yake imeisha, anaongea na mwenzake. Hiyo ni nidhamu ipi aliyovunja? Hakuna mchezo duniani ambao waigizaji wake hawaongei nyuma ya pazia. Tofauti ni kwamba kwenye michezo iliyoandaliwa, pazia linafunga na sauti pia.

Fundi aliomba skripti. Hilo wenzake wawili waliokuwepo wanalikubali hata bosi mwenyewe akiwepo. Aliomba, akanyimwa. Mtu akimnyima dereva taa halafu gari likagonga mti usiku, hatuambiwi dereva mzembe tu, tunauliza taa ziko wapi. Bosi asiyetoa skripti ndiye aliyeiacha maiki wazi. Aliiacha wazi tangu Ijumaa jioni, kwenye simu ileile aliyosema "we utaona tu".

Na hapa mafundi wenyewe nao wasijifiche nyuma ya huruma. Wako wengi mjini wanaokubali kazi ya namna hii kwa sababu ya elfu ishirini na tano ya mkononi, wanajua kabisa haiwezekani, na wakishaharibu wanasema mitambo ilikuwa mibovu. Wako wanaobeba miksa yenye vikundi 8 na kumbukumbu tele, wakaitumia kama ile ya analojia ya zamani, kufungua na kufunga moja moja, kwa sababu hawajawahi kukaa na kitabu chake. Kitabu kipo mtandaoni bure. Video za mafunzo zipo. Fundi anayejua kuandaa sini ana sauti ya kumwambia bosi "bila skripti sibebi mashine". Asiyejua atabaki anaambiwa atazame tu.

KINACHOTAKIWA

Kwa kundi hilo, mambo ni manne na hakuna linalohitaji mfadhili. Fundi alipwe nusu yake, kazi aliifanya masaa mawili na nusu na kosa lilikuwa la sekunde. Binti arudishwe jukwaani na apewe nauli yake pamoja na samahani mbele ya wenzake, kwenye grupu lilelile alikofukuziwa. Klipu ifutwe na kila mwanakundi aliyeirusha. Na kabla ya shoo inayofuata, fundi awe na skripti siku tatu kabla, akae mazoezini, aandae zamu zote kwenye miksa, na jina la kila mwigizaji liandikwe kwenye chaneli yake ili hata mtu mwingine akishika miksa ajue anamfunga nani.

Kwa makundi mengine, kwaya za maigizo ya Pasaka na Krismasi zikiwemo, klipu ile ni bahati. Wameonyeshwa shimo na mtu mwingine aliyetumbukia. Maiki wanazokodi ni zilezile, miksa ni zilezile, na simu za Ijumaa jioni wanapiga zilezile.

Mashine za kufunga maiki zipo, zimekaa ndani ya maboksi yanayobebwa kila wikiendi kwenye bajaji za Dodoma, zinasubiri mtu apewe kalamu, skripti na siku tatu. Mpaka hapo kila anayevalishwa maiki ya shavuni mjini hapa ajue kwamba pazia analojificha nyuma yake halina ukuta.

Wadau, hasa waigizaji na mafundi wa Dom, Singida na Iringa: mara ya mwisho fundi wenu alipewa skripti lini? Na kama klipu bado iko kwenye simu yako, unaingojea nini kuifuta?